Mstari unatetemeka kila nikishika brashi, niache nirudi kwenye piko?

Shikamoo Mzee wa Brashi,

Mi ni msichana wa miaka 23, niko Tanga, Ngamiani huku kwenye barabara za namba, naomba usinitaje jina maana huku tunajuana wote. Toka niko darasa la sita nachora hina na piko, dada yangu mkubwa ndo alinifundisha, na maharusi wengi wa mtaani kwetu wamepita mkononi mwangu. Mwaka juzi mjomba angu ambaye ni mwandishi wa mabango akaniambia njoo unisaidie kujaza rangi kwenye herufi, nikaenda nikapenda sana. Ila kilichoniteka moyo wala sio herufi. Siku moja alikuja mzee mmoja na baiskeli yake nyeusi, zile za zamani za Kiingereza, anataka mjomba amrudishie ule mstari wa dhahabu kwenye madigadi. Mjomba akatoa brashi moja hivi ina nywele ndefu na mpini mfupi, akavuta mstari toka juu mpaka chini, hana rula hana tepu, kama mtu anapitisha kidole kwenye vumbi. Nikajisemea hiki ndo nataka kukijua mimi.

Sasa shida ikaanzia hapo. Mjomba siku hizi macho yanamsumbua, ana mtoto wa jicho, herufi kubwa bado anaandika ila mistari myembamba ameacha kabisa. Nikimuuliza nivuteje ananijibu "vuta tu, mkono utajua wenyewe". Ile brashi yake amenipa lakini ipo moja tu, naiogopa hata kuigusa, nimeifunga kwenye kitambaa nimeiweka kabatini, natumia brashi za kawaida. Mwezi wa nane sasa huu najaribu. Nachukua vipande vya bati napaka nyeusi alafu navuta mistari myeupe, kila mstari unatoka na mawimbi, unaanza mnene unaishia kama uzi, katikati umekatika, ukiutazama utasema nilikuwa nachora huku nimekaa ndani ya daladala. Alafu cha ajabu nikichora ua la piko kwenye bati hilo hilo kwa rangi hiyo hiyo linatoka safi kabisa. Nikirudi kwenye mstari, mkono unatetemeka.

Kilichonivunja moyo zaidi ni mwezi uliopita. Kaka mmoja wa bodaboda alikuwa anapakiwa tenki upya kwenye gereji moja, akaniita nimpigie mistari miwili kila upande na jina la mwanae. Kwa uoga nikafunga masking tepu, nikapaka, kubandua nakuta rangi imepenya chini ya tepu, nikasafisha safisha na pamba ikawa nafuu. Kesho yake asubuhi fundi wa spreya akapiga klia, ile rangi angavu ya kung'arisha, juu bila hata kunipigia simu, mistari yangu yote ikakunjamana kama ngozi ya maziwa. Mwenye pikipiki anataka elfu sitini. Fundi anasema kosa ni langu, na mbele za watu akanambia mkono wa brashi mtu anazaliwa nao, wewe huna, rudi kwa maharusi wako, watu siku hizi wanataka stika, elfu tano kazi imeisha.

Mzee naomba uniambie ukweli hata kama unauma. Mkono mtu anazaliwa nao? Ile klia ni kosa langu? Na kuna haja gani ya kujifunza kitu hiki wakati stika zipo kila kona?

Binti wa Ngamiani

* * *

Marahaba binti yangu.

Kabla sijakujibu, kachukue lile bati lenye ua la piko uliweke pembeni ya bati lenye mistari, uyatazame yote mawili kwa pamoja. Aliyechora ni mtu mmoja, rangi moja, pengine siku moja. Mkono mbovu unawezaje kutoa ua safi? Haiwezekani. Kwahiyo hilo la kuzaliwa nao litoe kichwani leo hii, ua lako lenyewe limeshamjibu huyo fundi. Mimi nimeshika brashi miaka mingi, nimefundisha vijana wengi tu, sijawahi kumuona hata mmoja aliyekuja na mstari ulionyooka. Wote walikuja na mawimbi kama yako.

Sasa sikiliza kwanini ua linatoka alafu mstari haukubali, maana hapa ndo penye shida yako yote na mjomba ako hakukosea aliposema mkono utajua, ila alisahau kukwambia mkono ni upi. Ukichora hina unakaa chini, mkono wa bibi harusi uko kwenye goti lako, kiganja chako kimeegemea, na kinachotembea ni vidole tu. Kila mkunjo wa ua ni sentimita mbili tatu hivi, vidole vinaumudu, unanyanyua unaanza mwingine. Miaka zaidi ya kumi umefundisha vidole. Mstari wa tenki au wa madigadi ni sentimita 30, 40, na vidole havina urefu huo, vikifika mwisho vinajikunja upya, mstari unaruka, vinajikunja tena, unaruka tena. Hayo ndo mawimbi yako! Pima uone, nina hakika ukipima umbali toka wimbi moja hadi lingine utakuta unakaribiana kila mara, na umbali huo ni urefu wa vidole vyako vikijikunja na kujikunjua.

Kwahiyo kwenye mstari vidole kazi yake ni kushika tu. Brashi unaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, pale chini karibu na nywele zinapoanzia, sio huko nyuma. Kidole cha kati au kile kidogo unakiacha kiguse bati kikitelezea pembeni, hicho ndo usukani wako, kinashikilia umbali usibadilike. Mkono wa kushoto unaweza kuuweka chini ya kifundo cha mkono wa kulia kama kigoda. Alafu unavuta kuja kwako, na kinachovuta ni bega, kiwiko kinafuata, na mstari ukiwa mrefu unavuta na mwili mzima, unarudi nyuma na miguu kabisa. Umewahi kuona mtu anavuta kamba ya ngalawa pale ufukweni? Havuti na vidole yule. Unapovuta toa pumzi taratibu, na usichore na njaa.

Na macho. Wewe bila shaka unaangalia ncha ya brashi, maana kwenye piko ndivyo inavyotakiwa. Kwenye mstari ukiangalia ncha unaona kosa likishatokea, unalikimbilia kulirekebisha, na kule kulikimbilia ndo kunazaa kosa la pili. Angalia mbele, sentimita tano au kumi mbele ya brashi, kule unakokwenda. Mwendesha baiskeli wa Tanga haangalii tairi la mbele, na nyie huko ndo mji wa baiskeli huo, unanielewa.

Haya tuje kwenye rangi, maana naona hukuniandikia hata neno moja kuhusu rangi, na wanafunzi wengi wanalaumu mkono wakati kosa liko kwenye kopo. Umesema mstari unaanza mnene unaishia uzi na katikati umekatika. Mkono hauwezi kufanya hivyo peke yake. Hiyo ni rangi nzito, na brashi ambayo haikulishwa vizuri. Unachovya ncha, rangi yote inakaa mwanzoni, ukigusa bati inamwagika hapo, sentimita kumi baadae hakuna kitu.

Fanya hivi. Nunua hadwea rangi ya mafuta ile ya kung'aa, kopo dogo tu, na tapentaini au waiti spiriti. Usitumie ile thina kali ya spreya hata tone, nitakwambia kwanini huko mbele. Kama kopo lilishafunguliwa chuja rangi kwa soksi nyepesi za nailoni, maana kipande kidogo tu cha ngozi ya rangi kikiingia kwenye nywele mstari unapasuka mara mbili. Mimina rangi kidogo kwenye kikombe, tapentaini weka kwenye kizibo cha soda. Alafu tafuta kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, zile karatasi za kung'aa, kata kipande cha ukubwa wa daftari. Chovya brashi kwenye rangi, igusishe kidogo kwenye tapentaini, ilaze juu ya kalenda uivute mbele na nyuma, upande huu na upande huu, mara kumi, kumi na tano, mpaka rangi iingie ndani mpaka kwenye tumbo la brashi na nywele zilale pamoja ziwe bapa kama ulimi wa kisu. Usione uvivu hapo, hapo ndo nusu ya kazi. Mi naweza kutumia muda mrefu kwenye kalenda kuliko kwenye tenki.

Utajuaje imekaa sawa? Brashi yenyewe itakwambia. Ukiivuta kwenye kalenda ikikwaruza na kukutegea, rangi nzito, ongeza tone la tapentaini. Ikiteleza kabisa kama iko juu ya maji na mstari unatanuka wenyewe pembeni, umezidisha, chovya rangi tena. Inayotakiwa ni ile inayoshikilia kidogo, unasikia brashi inavuta kidogo vidoleni lakini inakwenda. Hili siwezi kukupa kipimo cha kijiko maana asubuhi ni tofauti na mchana. Huko kwenu upepo wa bahari ukianza na jua likipanda rangi inakauka ikiwa bado kwenye kalenda, kwahiyo fanya mazoezi asubuhi mapema au jioni, kivulini, na tenki lililokuwa juani usiliguse mpaka lipoe kabisa, bati la moto linakula rangi kabla haijatandaa.

Brashi ya mjomba, binti yangu, itoe kabatini leo! Brashi za kawaida za mabango zina nywele fupi, hazibebi rangi ya kutosha mstari mrefu, umekuwa ukijilaumu miezi minane kwa kosa la kifaa. Kwa ulivyoielezea ile ni brashi ya mistari yenyewe, wengine wanaiita brashi ya upanga kwasababu nywele zimekatwa mshazari kama upanga. Kule Marekani kuna kampuni ya Mack inatengeneza brashi tangu 1891, na za mistari zinatumia nywele za kindi kwasababu ni laini na zinakunywa rangi nyingi alafu zinaitoa kidogo kidogo. Urefu wa nywele unakaribia sentimita tano. Ukitaka mstari mrefu ulionyooka unailaza brashi, nywele nyingi ziguse bati, urefu wa nywele wenyewe unasaidia kunyoosha, mtikisiko mdogo wa mkono unapotelea humo. Ukifika kwenye kona unaisimamisha, unabaki na ncha tu, na unaizungusha taratibu kati ya gumba na shahada ile ncha ifuate njia. Hapo sasa ndo vidole vyako vya piko vinapata kazi.

Mstari mnene au mwembamba ni kukandamiza tu, kidogo sana. Na ukitaka mkanda mpana, mfano ile mikanda ya rangi ya njia kwenye daladala za Dar, au ule wa njano wa matatu za Kenya wa sentimita 15 ulioletwa na sheria zilizoanza kutumika 2004, huwezi kuupata kwa kukandamiza brashi. Unavuta mistari miwili ya pembeni alafu unajaza katikati.

Ukimaliza kila siku osha brashi na tapentaini mara mbili tatu mpaka isitoe rangi, paka oili mpya ya injini kwenye nywele, zinyooshe na vidole ziwe na umbo lake, ilaze bapa kwenye kiboksi. Usiisimamishe kwa nywele kwenye kopo hata dakika tano, itajikunja na haitarudi. Kesho kabla ya kuanza itoe oili yote na tapentaini. Ikitunzwa hivyo itakuzika, ndo maana mjomba bado anayo. Kama bado unaogopa kuimaliza, tafuta brashi laini ya nywele ndefu ukate mshazari kwa wembe mpya, nywele chache chache, sio kwa mara moja. Haitakuwa kama ile lakini kwa mazoezi inatosha. Na ile tabia ya waandishi wengi kunyoosha brashi kwa mate, usiianze kabisa, makopo ya zamani hasa njano na chungwa mengi yana risasi ndani.

Sasa bati. Acha bati, tafuta kioo. Kioo chochote cha dirisha lililotolewa, ziba kingo zake na tepu usijikate. Chukua karatasi kubwa uchore mistari ya penseli na rula, iliyonyooka, alafu ya kupinda kama herufi C, alafu S, alafu matone ya machozi, iweke chini ya kioo, wewe unapita juu yake na brashi. Kioo kikijaa unafuta kwa kitambaa chenye tapentaini unaanza upya, rangi kidogo unatumia wiki nzima. Wiki mbili za kwanza vuta mistari iliyonyooka tu, urefu wa kiganja kwanza, ukikubali ongeza, alafu jaribu kuweka wa pili sambamba na wa kwanza bila karatasi chini. Nusu saa kila siku ni bora kuliko Jumapili nzima. Najua utachoka na utatamani kuchora maua, ruhusu ua moja mwisho kama zawadi.

Mstari ukiwa mrefu kuliko rangi iliyoko kwenye brashi, usijilazimishe kufika mwisho. Inyanyue taratibu ukiwa bado unatembea ili mstari uishe kwa ncha nyembamba, lisha brashi tena kwenye kalenda, rudi nyuma sentimita tatu nne, itue juu ya mstari ule ule huku mkono umeshaanza kwenda. Ukisimama ndo ukaanza, panabaki nundu. Hata ile mistari mirefu unayoiona ubavuni mwa magari mengi yaliyopigwa kwa mkono ina viungo, ila hutaviona.

Na tepu sio dhambi, nakuona umeandika kama unaungama. Ila kuna tofauti. Wewe ulipaka rangi kwenye ukingo wa tepu, na kwenye tenki la mviringo tepu hainati vizuri, lazima ipenye. Sisi tunabandika tepu moja pembeni, sentimita moja kutoka mstari unapopita, kidole kile cha usukani kinaifuata, brashi haiigusi kabisa. Hata ukingo wa chini wa tenki au mkunjo wa madigadi ni tepu tosha. Na kabla ya yote futa tenki kwa sabuni kisha kwa spiriti likauke, polishi na mafuta ya mikono vikibaki rangi inakimbia inaacha vitundu kama macho ya samaki.

Tuje kwenye ile kesi ya elfu sitini. Ulichokiona ni jambo la kawaida sana, na lina sababu. Rangi ya mafuta ikikauka juu haijakauka ndani, siku moja haitoshi. Klia ya spreya ina thina kali, thina hiyo inaingia kwenye rangi yako changa inaivimbisha, na ikivimba haina pa kwenda, inakunjamana. Ndo maana nimekukataza thina kali hata kwenye brashi, ingeweza kuikunja rangi ya chini vile vile. Utaratibu ni kwamba klia inapigwa kwanza, inaachwa ikomae, ndipo mstari unavutwa juu yake na unaachwa hivyo hivyo. Ukilazimika kupigiwa klia juu basi rangi ya mstari ichanganywe hadina, ile dawa ya kukazia rangi, na ipewe muda, na mkubaliane mapema na mtu wa spreya. Uzuri mwingine wa kupaka juu ya klia iliyokomaa ni kwamba ukikosea unafuta na kitambaa chenye waiti spiriti kabla haijakauka, tenki linabaki kama lilivyokuwa, unavuta tena mara kumi ukitaka.

Kwahiyo kosa ni la nani? La wote wawili, na nitakwambia bila kukuficha. Wewe hukumwambia umetumia rangi gani. Yeye ni fundi wa siku nyingi, alitakiwa kuuliza kabla ya kupiga klia juu ya kazi ya mtu mwingine, na mimi naona fungu lake ni kubwa zaidi, ila kumaliza ugomvi gawaneni nusu kwa nusu. Nenda kwa mwenye pikipiki wewe mwenyewe, usitume mtu, mwambie pole, mwambie utalipa elfu thelathini na gereji ilipe iliyobaki, na kwamba tenki likishapakwa upya na klia ikikauka utampigia mistari bure siku ukiwa tayari. Gereji ikikataa, mshirikishe mjomba aende kuongea nao, ni mtu mzima na anaheshimika. Wakikataa na yeye, lipa polepole umalize. Huyo kaka anashinda kijiweni na wenzake ishirini, na wote wanajua habari ya tenki lake.

Mwisho ni hizi stika. Swali lako ni la haki, mimi mwenyewe kazi nyingi zimekwenda huko. Kwa bei hutashindana nazo, elfu tano ni elfu tano. Lakini stika imekatwa kwa ajili ya matenki yote, na tenki hili lina bonde hapa, lina kovu pale mwenyewe alipoangukia, lina jina la mtoto wake. Kiwanda cha Royal Enfield kule Chennai, India, kimekuwa na mafundi wanaovuta mistari ya matenki kwa mkono, na kiwanda kile hakikosi mashine. Rolls-Royce kule Uingereza mstari wa ubavuni anauvuta mtu kwa brashi, unafika mita sita, na Mark Court aliyejulikana kwa kazi hiyo alianza kama mwandishi wa mabango ya mitaani, kama mjomba ako. Hata Kenneth Howard, yule wa California aliyejiita Von Dutch, aliyewafanya vijana wa miaka ya 1950 waitamani mistari hii kwenye magari na pikipiki zao, baba yake alikuwa mwandishi wa mabango.

Ila mi sitaki uwaige hao. Fikiria Edward Saidi Tingatinga. Kabla ya kufika Dar alipita huko huko Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Alipoanza kuchora, 1968, alichukua silingibodi na rangi ya baiskeli, hiyo hiyo ya mafuta inayong'aa niliyokwambia ununue, akachora ndege na chui kwa namna yake, akafariki 1972, na mpaka leo pale Morogoro Stores Oysterbay watu wanakula kwa mkono ule. Ukija Dar pita pale ukae ukiangalia wanavyolisha brashi zao na wanavyopiga nukta na mistari juu ya rangi ya mafuta, hawatakufukuza.

Wewe una kitu ambacho sijakiona kwenye tenki lolote. Mistari ya kule Marekani wanapenda kuimalizia kwa mapambo yanayofanana kushoto na kulia, mkunjo na mkunjo, mstari wa katikati unagawa, na kupata pande mbili zifanane kunawatesa wanafunzi wao miaka. Wewe umechora kiganja cha kulia na cha kushoto cha maharusi toka darasa la sita! Pande mbili zifanane ndo kazi yako ya kila ijumaa. Ukishapata mstari ulionyooka, umalizie kwa ua la piko pale unapokutana na mwenzie juu ya tenki. Chora mstari wa katikati kwa chaki, fanya upande wa kushoto kwanza ili mkono wa kulia usifute kazi, alafu upande wa pili ufuate. Kama unaogopa, chora ua kwenye karatasi, likunje katikati, litoboe kwa sindano kufuata michoro, pigapiga unga wa chaki uliofungwa kwenye kitambaa, litabaki vumbi la kukuongoza. Hiyo stika ya kufanana nayo haipo hapo kijiweni.

Na mjomba ako. Umeniandikia kwamba hawezi tena kukufundisha kwasababu haoni mstari mwembamba. Mstari haoni, lakini bega lako analiona. Mwekee kiti pembeni asubuhi ukiwa kwenye kioo, mwambie kila vidole vikianza kutembea badala ya bega apige kelele. Alafu huo mtoto wa jicho unatibika, ni upasuaji na watu wanarudi kuona, mpelekeni kwa daktari wa macho mapema, msikae mkisema ni uzee. Nikiwa na picha ya kioo chako cha mwezi wa kwanza nitafurahi, nitumie hata kama kina mawimbi, nitakwambia yametoka wapi.

Mzee wa Brashi